Harufu ya kwenye sijda: kisa cha zulia lililogundishwa katika nyumba moja ya Tanga

Aliyeisikia harufu kwanza ni baba mwenye nyumba, na aliisikia akiwa amesujudu. Ukisimama katika sebule ile husikii kitu, labda udi wa jana na kitunguu kinachokaangwa jikoni. Ukiinamisha uso mpaka chini ndipo inakujia: harufu ya gunia lililolowa kisha likafungiwa stoo. Kwa wiki tatu alidhani ni mswala wake. Akaufua, akauanika, akautandika palepale, na harufu ikarudi. Mwishowe mkewe akanipigia simu. Ilikuwa mwishoni mwa Mei, masika yakielekea kukatika.

Kazi yangu ni sakafu na kinachotandikwa juu yake. Nauza mazulia na mikeka, napima vyumba, nashona pindo zilizofumuka, na huu ni mwaka wa kumi na saba niko nayo hapa Tanga. Kisa hiki nakiandika kwa idhini ya wenyewe, bila majina, kwa sababu nimekikuta nyumba nyingi, kuanzia Raskazone mpaka Pongwe. Kila mara lawama humwendea fundi, au husemwa zulia lilikuwa bandia. Mara nyingi fundi hana kosa na zulia ni zima kabisa. Kosa lilifanyika siku ya kuchagua, pale swali la kwanza lilipokuwa rangi.

Nyumba yenyewe ni ya chini, ya tofali za saruji, bati juu na dari ya jipsamu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka baharini. Sebule ni mita 5 kwa 4, vyumba vya kulala vitatu, na baraza mbele. Wanaishi baba, mama, watoto watatu na bibi mzaa baba. Kitinda mimba ana miaka sita, ana pumu. Miaka miwili nyuma, wakijiandaa kupokea wageni wa harusi, walitandika zulia zito la rangi ya kahawia ukuta kwa ukuta, sebuleni na katika vyumba viwili, likabandikwa kwa gundi juu ya sakafu ya saruji. Aliyelibandika alifanya alichoagizwa, na mkono wake ni mzuri. Nilitafuta maungio kwa ncha za vidole na bado nilipitwa na moja.

Mama hakununua kwa kukurupuka. Dada yake anaishi Muscat, na kwa miaka amekuwa akimtumia picha za sebule yake: zulia laini kutoka ukuta huu hadi ule, mguu unazama. "Fundi," aliniambia, "mimi nilitaka mgeni akivua viatu mlangoni, mguu wake upokewe kwa heshima." Sentensi hiyo niliiandika kwenye daftari langu kabla ya vipimo vyovyote, maana ndiyo haja yenyewe. Mtu akikuita akueleze haja ya namna hiyo, ukamjibu tu kwamba zulia halifai pwani, hujamsaidia kitu. Haja yake bado ipo, na atakwenda kununua jingine.

Shida ni kwamba joto si moja. Muscat ni mji wa bahari kama Tanga, na mwezi wa Juni unaizidi Tanga kwa mbali, nyuzi 40 kule si habari. Lakini mvua yao ni ya siku chache kwa mwaka, na nyumba ya dada imefungwa madirisha, kiyoyozi kinafanya kazi usiku na mchana miezi yote ya joto. Kiyoyozi hakipozi hewa tu, kinaikamua maji pia. Yale matone yanayodondoka kwenye kibomba nyuma ya nyumba ndiyo unyevu uliotolewa chumbani. Zulia la dada linaishi kwenye hewa iliyokamuliwa. La mdogo wake Tanga linaishi na madirisha wazi, upepo wa bahari unaingia na chumvi yake, masika kuanzia Machi hadi Mei, na kabla halijapumua vizuri vuli inaingia. Ukienda Dodoma hali ni nyingine kabisa, huko adui wa zulia ni vumbi, unyevu si hoja. Kwa hiyo mtu akiniuliza zulia gani linafaa nchi ya joto, nami humuuliza: joto kavu au joto la maji?

Kipimo changu kidogo cha unyevu kilisoma asilimia 84 sebuleni saa tatu asubuhi. Chumba cha wazazi, chenye kiyoyozi, kilisoma 61. Nikaomba ruhusa ninyanyue kona nyuma ya kochi kubwa, mahali ambapo mwanga haufiki wala mguu haupiti. Sikuhitaji kisu. Nilishika nyuzi kwa vidole viwili na kona ikaja yenyewe, kama ganda la chungwa lililoiva sana.

Zulia zuri la namna hii lina tabaka. Juu ni nyuzi unazoziona, hizi zilikuwa za plastiki na hazikuwa na doa. Chini yake kuna kitambaa kinachoshikilia nyuzi, na nyuma kabisa kitambaa cha pili, hapa kilikuwa cha juti, kile cha kahawia kinachofanana na gunia la kahawa. Kati yao kuna mpira mweupe unaounganisha. Juti ilikuwa imejaa vitone vyeusi, vingine vimeungana vikawa kama ramani. Mpira ulikuwa umegeuka chokaa. Niliposugua kwa kidole gumba ulimong'onyoka ukabaki sakafuni kama unga wa sembe. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Na juu ni safi hivi." Ndivyo ilivyo. Zulia la kubandika huoza kuanzia mgongoni, na sura yake ndiyo ya mwisho kutoa habari.

Maji yalitoka wapi? Hewa peke yake inatosha kulifanya zulia liwe na umande umande, lakini si kulifikisha pale. Nilitafuta vyanzo vingine, nikapata viwili.

Cha kwanza kilionekana kwa macho baada ya kukaa chini na kulitazama zulia dhidi ya mwanga wa mlango. Kulikuwa na njia, kama ile ya mbuzi kwenye majani, nyuzi zimelala, rangi imekoza kidogo. Ilitoka mlango wa bafu, ikakata sebule, ikaishia pale wanaposwalia. Ni nyayo za udhu. Watu wanne wanaswali katika nyumba ile, mara tano kwa siku, kila mmoja akitoka bafuni na miguu inayochuruzika. Haiwezekani uwaambie watu wasitawadhe, wala hakuna zulia la kubandika litakalokauka kati ya adhuhuri na alasiri wakati wa masika.

Cha pili kilitoka chini. Nilisafisha kipande cha sakafu ile iliyofunuliwa, nikatandaza nailoni nyeupe ya upana kama wa nusu mita kila upande, nikaibandika kingo zote kwa selotepu pana ili hewa isipite, nikaomba isiguswe mpaka kesho. Asubuhi yake upande wa ndani wa nailoni ulikuwa na matone, mengine yakikimbizana nilipoigonga kwa ukucha, na saruji chini yake imekoza rangi. Maji yale hayakutoka hewani, hewa ilikuwa nje ya nailoni. Yalipanda kutoka ardhini kupitia sakafu. Ama waliomwaga zege hawakutandika nailoni ya kuzuia unyevu chini yake, ama ilitoboka wakati wa kumwaga. Nilizunguka nje nikaona kinachoongezea: maji ya bati yanamwagika bila mfereji karibu kabisa na ukuta wa sebule, na udongo wa bustani umepandishwa mpaka umeizidi sakafu ya ndani kwa kimo cha tofali.

Kipimo hiki cha nailoni ni cha usiku mmoja, na gharama yake haifiki bei ya mkate. Kila anayetaka kubandika kitu sakafuni, liwe zulia, liwe kapeti la plastiki au mbao, angekifanya kabla ya kulipa hata senti. Kingefanyika nyumba hii miaka miwili nyuma, nisingeitwa.

Nina kipimajoto cha kuelekeza tu, kisichogusa kitu, na siku ile ya pili nilikitumia saa saba mchana. Hewa ya sebule ilikuwa nyuzi 30. Uso wa zulia, 29. Sakafu tupu ya saruji, pale nilipofunua, 27. Ukisikia nyuzi mbili unaweza kudharau, lakini mguu hausomi nyuzi. Mguu unasikia jinsi joto lake linavyonyang'anywa haraka, na saruji au marumaru hulinyang'anya kwa kasi kubwa kuliko nyuzi laini zilizojaa hewa. Nilimwomba mama avue kandambili, asimame mguu mmoja juu ya zulia na mwingine juu ya saruji. Akacheka kwa mshangao. Kitu cha baridi kuliko vyote ndani ya nyumba yake kilikuwa kimefunikwa kwa gharama, halafu feni zikaongezwa.

Katika chumba cha bibi hakukuwa na zulia. Alikataa tangu mwanzo. Nilibisha hodi, nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu ukae." Nikakaa kwenye mkeka wake wa ukindu, wenye milia ya zambarau iliyopauka. Alikuja nao miaka kumi na moja iliyopita kutoka kwao, upande wa Pangani. Niliugeuza mgongo huku akinitazama. Hakuna doa. Ukili umechakaa kidogo kwenye mshono wa katikati, pale anapokaa, basi. Nyumba ni hiyohiyo na hewa ni hiyohiyo, na nina hakika sakafu ya chumba chake inapandisha maji kama ya sebuleni.

Nikamuuliza anautunzaje. Alinitazama kana kwamba nimeuliza anavyopumua. Kila asubuhi akishakunywa chai huukunja, anautoa barazani, anaukung'uta kwenye nguzo, anauning'iniza kwenye ukuta mfupi mpaka jua likifika kwenye kizingiti, kisha anaurudisha. Mvua ikinyesha hauteremshi sakafuni mpaka adhuhuri, anausimamisha wima pembeni. Halafu akasema neno ambalo kwangu ndilo uchambuzi wote wa kisa hiki: "Lile zulia la mkwe wangu zuri, sikatai. Ila tangu liingie, halijaliona jua hata siku moja."

Sitaki mtu asome hapa kwamba mkeka hauoti ukungu. Unaota, tena haraka, ukiukunja ukiwa na majimaji na kuusimamisha nyuma ya kabati. Ukindu na miyaa ni majani, na jani lililofungiwa na unyevu litaoza. Kilichouokoa mkeka wa bibi ni kwamba ni mwepesi kiasi cha kubebwa na mwanamke wa miaka sabini na kitu, kila siku, kwa mkono mmoja. Tangu siku ile sipimi tena zulia kwa macho kwanza. Nauliza nani atalitoa nje, na mara ngapi. Mteja akikosa jibu, zulia hilo haliendi pwani hata likiwa la bure.

Kuhusu mtoto nilikuwa na tahadhari. Mimi si daktari, na mama aliponiuliza kama zulia ndilo linalomletea mwanawe kukohoa usiku, nilimwambia hilo alipeleke kwa anayemtibu. Ninachokijua kwa upande wa kazi yangu ni hiki. Ndani ya zulia, godoro na makochi huishi utitiri wa vumbi, wadudu wadogo kiasi kwamba watatu wakipangwa mstari hawazidi milimita moja. Wanakula magamba ya ngozi yetu yanayodondoka. Hawanywi maji, wanayafyonza kutoka hewani, kwa hiyo hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya nusu wanastawi, na hewa kavu inawaua. Kinachowasumbua wenye pumu ni kinyesi chao, ambacho huwa vumbi na kupaa mtu anapotembea. Sebule ya asilimia 84, zulia lisiloinuka, ufagio wa chelewa unaosukuma vumbi zaidi ndani ya nyuzi kuliko unavyolitoa: kwa utitiri hayo ni maisha ya raha. Ongeza ukungu wa mgongoni. Daktari, kwa maelezo ya mama, aliposikia kuhusu zulia alimwambia litoke. Basi likatoka.

Kulitoa kulichukua siku mbili na vijana wawili wenye barakoa. Tulilikata vipande vya upana wa mita moja, tukavikunja kwa ndani na kuvipeleka nje kupitia dirisha la sebule ili vumbi lisipite vyumbani, na mtoto alikuwa kwa mama yake mkubwa Muheza wiki nzima. Kazi ngumu ilikuwa gundi. Iligoma kwenye saruji kama lami, tukaikwangua kwa patasi pana mita kwa mita. Nje, udongo ulishushwa chini ya usawa wa sakafu, mfereji ukachimbwa, maji ya bati yakapelekwa mbali na ukuta. Fedha za marumaru zilitosha sebule tu, nikaona ni sawa, maana marumaru iliyowekwa kwa saruji haijali sana unyevu wa chini. Vyumbani saruji ilisawazishwa, ikasuguliwa, ikaachwa.

Ndipo tukarudi kwenye ile sentensi ya daftarini: mguu wa mgeni upokewe kwa heshima. Mama aliitazama sebule tupu, marumaru nyeupe inang'aa, akasema mgeni ataona wamefilisika. Namwelewa. Sebule ya Mswahili bila tandiko inakuwa kama chumba ambacho wenyewe wamehama. Nikamwomba tusiwaze kufunika, tuwaze kutandika. Chumba kina mita za mraba 20. Zulia la futi 7 kwa 10 linachukua mita 6 na nusu hivi, linakaa katikati ya makochi, linashika miguu ya wanaokaa, na sakafu nyingine yote inabaki kutoa baridi yake.

Hapa nilifanya kosa, na lazima nilieleze, kwa kuwa mteja alililipia kwa usumbufu. Nilimshauri zulia la katani, yaani nyuzi za mkonge. Mimi ni mtoto wa Tanga. Baba yangu alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, na mikono yake ilinuka majani yale mpaka kustaafu kwake. Najua jinsi Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alivyouleta mkonge mwaka 1893, miche 1,000 ikatoka Florida na 62 tu ikafika hai, na kutokana na hiyo mkoa mzima ukala. Katani kwangu ni ya nyumbani, ngumu, haina manyoya ya kuficha vumbi, hewa inapita, rangi yake ya dhahabu inatulia machoni. Yote hayo ni kweli, na bado halikufaa chumba kile. Katani inakunywa maji. Wiki ya pili mtoto akamwaga uji, mama akafuta upesi kwa kitambaa cha maji, na mahali palipokauka pakabaki duara la kahawia lenye kingo kali ambalo halikutoka tena. Zaidi ya hapo bibi alishindwa kulikalia, lilimchoma magoti. Ilipofika Novemba na mvua za vuli, kona mbili zikaanza kujikunja. Nililichukua, nikalikata, kipande kikawa cha mlango wa mbele kwa ndani, mahali pakavu penye viatu, na huko kinafanya kazi nzuri. Kilichobaki niliingia hasara mwenyewe. Nilichagua kwa mapenzi yangu badala ya kutazama nani ataishi juu yake.

Mara ya pili tulikwenda na mama dukani pamoja, na nilimwachia mikono ifanye kazi. Kwanza akaona lile la manyoya marefu, kila mtu huliona kwanza. Nikamwambia aingize vidole mpaka chini. Viliingia hadi kwenye kifundo cha kwanza. Kila kinachodondoka kitafika hapo, punje ya wali, nywele, mchanga wa ufukweni, na hakuna ufagio utakaokifuata. Tukaliacha. Kisha tukachukua moja la kufumwa kwa mashine, nyuzi fupi, kama milimita 8. Mengi ya haya yanatoka Uturuki, hasa mji wa Gaziantep, na nyuzi zake ni polipropilini, ukoo mmoja na plastiki ya viroba vya sukari. Watu hulidharau likiitwa plastiki. Kwa nyumba ile plastiki ndiyo ilikuwa sifa: uzi wake haunywi maji, uji utakaa juu mpaka ufutwe.

Lakini uzi wa juu hausemi yote, ndivyo tulivyojifunza. Ligeuze. Mgongo ukiwa na nyuzi za kahawia zenye harufu ya gunia, ni juti, na juti inakunywa hata kama uso haunywi. Ukiwa umepakwa mpira mweupe mzito, ujue utamong'onyoka. Tulitafuta lenye mgongo wa nyuzi zilezile za plastiki, ambalo muundo wake unauona mpaka nyuma. Kuhusu jina kwenye kibandiko, usiliamini peke yake. Mwombe muuzaji uchomoe uzi mmoja kwenye pindo, toka nje, uuchome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika. Pamba inanuka karatasi. Polipropilini inayeyuka, inanuka mshumaa, na ikipoa inaacha kipunje kigumu. Wetu ulitoa kipunje.

Kisha mtihani wa mwisho. Nilimwomba mama na binti yake wa miaka kumi na nne walikunje, walibebe mpaka mlangoni, warudi. Walifika bila kutua. Akalipa.

Chini yake tuliweka wavu wa mpira lisiteleze kwenye marumaru. Mahali pa kuswalia hatukuweka zulia lolote. Kuna mikeka miwili ya ukindu inayotandikwa ikihitajika na kusimamishwa ikimaliza, na mlangoni mwa bafu kuna kitambaa kinene cha pamba cha kukanyagia baada ya udhu, vinabadilishwa vitatu kwa zamu, kimoja kikiwa kwenye kamba siku zote. Kitambaa hicho ni kitu kidogo sana, na kwa maoni yangu ndicho kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote tulivyonunua. Bibi alihamia sebuleni mchana na godoro lake jembamba la pamba, analiweka juu ya mkeka, magoti yametulia.

Utaratibu wa jua tuliuandika ukutani jikoni. Jumamosi, saa mbili asubuhi, zulia linatoka barazani, linapigwa kwa fimbo mgongoni kwanza ndipo usoni, linaanikwa mgongo ukitazama juu kwa saa mbili tatu, maana jua kali likipiga uso kila wiki rangi itapauka na uzi wa plastiki wenyewe utakuwa mkavu na kukatika. Wakati likiwa nje marumaru inapigwa deki na kuachwa ikauke kabisa. Kufua ni mara mbili kwa mwaka, Januari na Septemba. Wakati wa masika halifuliwi hata likichafuka vipi, linafutwa tu. Nasisitiza hili kwa sababu mjini tuna tabia ya kupeleka mazulia kwa waosha magari. Wanaosha vizuri, wana maji ya nguvu, lakini wao hawakai na zulia mpaka likauke. Linarudishwa jioni likiwa limekauka uso, linatandikwa, na kwa ukungu siku mbili za unyevu zinatosha kuanza. Anayefua na awe na siku mbili za jua mkononi.

Lilibaki zulia la dada. Ndiyo, katika harusi ile dada alikuwa ametuma moja kutoka Muscat, la sufu halisi, limefumwa kwa mkono, maua mekundu na buluu ya usiku, na lilikuwa limekunjwa juu ya kabati la wazazi ndani ya mfuko wa nailoni. Tulilifungua kwa hofu. Sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake na mkono usijue, na nondo wa nguo wanaipenda. Tulikuta matundu mawili madogo kwenye pindo, na maganda ya viwavi wao. Chumba cha kiyoyozi kingelifaa, ila kiyoyozi kile kinawashwa usiku tu, kwa kuangalia salio la umeme wa LUKU, na mchana chumba kinarudi kuwa Tanga. Baba akatoa wazo ambalo sikulifikiria: apelekewe kaka yake mkubwa Lushoto. Huko ni mita 1,400 hivi juu ya bahari, Julai watu wanalala na blanketi mbili, na mguu unaoshuka kitandani alfajiri unatafuta kitu cha joto. Lilisafishwa, likaanikwa siku tatu, nikashona matundu. Dada alipigiwa simu kwanza akaombwa ruhusa. Akasema mradi liko kwa ndugu.

Nimerudi mara mbili tangu hapo. Harufu sebuleni haipo. Mama anasema kikohozi cha usiku kimepungua, nami nimefurahi naye, ila sisemi sifa yote ni ya kuondoa zulia: mvua zilikuwa zimekatika, na daktari naye alibadilisha dawa mwezi uleule. Wakati wa mvua za vuli nilirudia kipimo cha nailoni mahali pawili. Chumba cha watoto kilitoka kikavu. Chumba cha wazazi, kona ya upande wa tangi la maji, bado kina matone, machache kuliko mwanzo. Nimewaambia hapo wasitandike kitu chochote mpaka tujue kama ni ardhi au ni bomba linalovuja chini. Fundi bomba anakuja Jumatatu. Nilipokuwa natoka, bibi alikuwa anaukunja mkeka wake kutoka ukutani. Jua lilikuwa limefika kizingitini.